Kutoka Kilwa Hata Nachingwea: Safari ya Kutazama Miradi

Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia mto Rufiji hata mji wa Lindi, aghalabu ya wasafiri huipita kwa haraka. Aendaye Mtwara husinzia garini, naye aendaye Kilwa huvuka akayaona magofu, akapiga picha, akarudi. Sisi safari yetu tuliifanya kwa nia nyingine, na twapenda kuwasimulia wasomaji wetu watukufu, hasa wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita, na vijana wenyewe pia, kwani jambo lililotutoa nyumbani limekwisha ingia katika nyumba nyingi za Kiislamu siku hizi.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana mmoja aliyehitimu Kurani katika madrasa yetu yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu, akisomea shahada ya biashara, na tawi alilolichagua ni usimamizi wa miradi. Baba yake ni mkulima wa korosho wa upande wa Mtama, katika mkoa wa Lindi, naye ndiye alipaye ada. Msimu uliopita haukuwa mzuri kwake, ikabaki njia moja tu ya kumlipia mwana mwaka wa mwisho, nayo ni kuliuza shamba la pili, lile alilorithi kwa marehemu baba yake. Mzee yule akatupigia simu akasema: "Maalim, mtoto huyu nilikukabidhi wewe angali mdogo, kwa hiyo sasa nakuuliza wewe. Hivi miradi nayo yasomewa? Mimi nimepanda mikorosho 200 na nimejenga nyumba, wala sikwenda chuo kikuu. Nikiliuza shamba la baba, nitakuwa nimenunua nini?"

Swali hili hatukuweza kulijibu kwa simu. Sisi elimu yetu ni Kurani na shule ya msingi, na mambo ya vyuo vikuu twayasikia tu kwa wenyewe. Lakini hatukuona haki kulipuuza, maana shamba likiuzwa halirudi. Tukamwomba mzee atupe siku chache. Kijana alikuwa likizoni Dar es Salaam, naye mwalimu wake amempa kazi ya kuchagua mradi mmoja na kueleza kwa nini ulifaulu au ulianguka. Tukamwambia, "Twende kwenu kwa njia ndefu. Kila penye mradi utatueleza ulichosoma, na tukifika kwa baba yako tutasema tuliloliona."

Tuliondoka Mbagala baada ya sala ya Alfajiri. Jua lilipokuwa limepanda tukafika Rufiji, tukavuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Sisi twaikumbuka pantoni ya Ndundu: magari yakipanga foleni, na mto ulipofurika abiria wakilala ng'ambo, wakila mihogo ya kuchoma na kumlaumu kila mtu. Tukamwambia kijana, "Huu hapa mradi wa kwanza." Akatabasamu akasema, "La, Maalim. Daraja si mradi. Mradi ni ile kazi ya kulijenga. Una siku ya kuanza na siku ya kwisha, una fedha zilizohesabiwa kabla, na una kitu kinachokabidhiwa mwishoni. Daraja likishakabidhiwa, mradi umekwisha. Linalobaki ni kulitunza." Maneno hayo ni machache, nasi tuliyashika, kwani yalitufaa njia nzima.

Kutoka Ndundu hata Somanga ni kilomita 60, nacho kipande hicho kilikuwa ugonjwa wa njia ya kusini kwa miaka mingi, kiangazi mchanga, masika tope. Leo ni lami. Hata hivyo mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipoleta mvua yake, maji yaliikata barabara hiyo upande wa Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kijana alitueleza kwamba chuoni hufundishwa kuandika orodha ya mabaya yawezayo kutokea kabla kazi haijaanza, na mbele ya kila baya kuandika nani atafanya nini likitokea. Twaona ni adabu njema, wala si kinyume cha kumtegemea Mwenyezi Mungu kama wengine wanavyodhani.

Hapo Somanga ndipo bomba la gesi kutoka kisiwa cha Songosongo linapopanda nchi kavu, likaelekea Dar es Salaam. Gesi ile iligunduliwa mwaka 1974, na ilifika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Miaka 30! Katika muda huo mtu huzaliwa, akasoma, akaoa, akazaa. Tukasema kwa mshangao kwamba huo ni uvivu. Kijana akatukatalia kwa heshima: gesi haiozi ardhini, lakini bomba likijengwa kabla hajapatikana mnunuzi wa gesi, wala fedha, wala mitambo ya kuipokea, lile bomba huoza. Kazi ya kuchungua hayo yote kabla ya kuanza huitwa upembuzi yakinifu. Neno hili wasomaji wetu wamelisikia redioni mara elfu; maana yake si zaidi ya hii: uliza kwanza, hesabu kwanza, kisha chimba. Kama miaka 30 ilikuwa ya lazima yote, hilo hatukubaliani naye hata leo.

Tukafika Nangurukuru, tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na asubuhi ya pili nahodha mmoja akatuvusha kwenda Kisiwani. Maji yalikuwa shwari. Kutoka mbali huonekana Gereza tu, ile ngome nyeupe ya ufukweni. Msikiti Mkuu umejificha nyuma ya minazi na mibuyu, mtu huufikia kwa miguu, na ghafula umesimama mbele yake.

Ndugu zetu, msikiti ule wapaswa kutazamwa taratibu. Ukumbi mdogo wa kaskazini ni wa karne ya 11 au ya 12. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, akauongezea ukumbi mkubwa mara kadhaa kuliko wa kwanza. Paa la nyongeza ile likaporomoka. Katika karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, ndipo ukajengwa upya kwa nguzo na matao na makuba tuyaonayo leo. Kwa hiyo aingiaye msikiti ule huwa ameingia katika kazi tatu za zama tatu, na ya kati ndiyo iliyoanguka.

Kisha tukatembea hata Husuni Kubwa, kasri ya Sultani huyo huyo al-Hasan, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo hata likiwa kavu mtu hulionea fahari. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kwamba kasri hii haikupata kukamilika, na ilikaliwa muda mfupi tu. Tulikaa kwenye ngazi zake tukatoa tende. Kijana alikuwa na haraka ya kutoa hukumu: Sultani alitaka kazi kubwa kuliko uwezo wake. Chuoni huita jambo hilo upeo wa kazi, yaani mpaka wa kile ulichoahidi kukifanya, na husema kwamba miradi mingi hufa kwa sababu mpaka ule husogezwa kila siku: leo chumba kimoja, kesho ua, keshokutwa birika. Tukamwonya asimhukumu maiti kwa shahada ambayo hajaipata bado. Hakuna aliyetuachia hesabu za ujenzi ule. Huenda fedha zilikwisha, huenda aliyekuja baada yake hakupenda upepo wa mlimani. Lakini jambo moja liko wazi kwa macho, nalo si la kubahatisha: msikiti ulioporomoka ulipata watu wa kuusimamisha tena, kwa kuwa walikuwa wakiuhitaji mara tano kila siku, na kasri haikupata.

Huko Kisiwani tuliona pia mradi wa siku zetu wenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani bahari ilikuwa ikiula ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Serikali yetu ikasaidiwa na Ufaransa, Japani na wengineo. Wenyeji wakafundishwa kazi ya kukarabati, mikoko ikapandwa kulizuia wimbi, na mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha ile ya hatari. Fundi mmoja wa makamo, aliyefanya kazi hiyo, alikuwa akipita na jembe lake begani, tukamsimamisha. Alitueleza habari za chokaa. Kuta za kale hazipendi saruji, alisema, zataka chokaa ya matumbawe. Mawe huchomwa juu ya tanuri la magogo, yakisha kuungua humwagiwa maji, kisha chokaa huachwa itulie kwa miezi. Ukiitumia ikiwa changa, ukuta hukucheka.

Kijana aliposikia hayo akachuchumaa akachora mchangani kwa kijiti. Mstari mmoja wa kukata magogo, mmoja wa kuchoma mawe, mmoja mrefu wa kuiacha chokaa itulie, na chini yake mistari mifupi ya kuleta mafundi, kujenga jukwaa, kufyeka majani. Akasema mchoro wa namna hiyo huitwa kwa jina la Mmarekani Henry Gantt, nao umetumika kwa zaidi ya miaka 100. Akaonyesha kwamba jukwaa likichelewa wiki moja hapana neno, maana chokaa bado haijatulia. Lakini chokaa ikichelewa siku moja, kazi yote imechelewa siku moja. Msimamizi mwema, akasema, hujua ni kazi zipi zisizosubirika, naye huzilinda hizo kwanza. Hesabu ya kuzitafuta kazi hizo ilitungwa huko Marekani katika kampuni ya DuPont mwaka 1957. Fundi akautazama mchoro kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, umesahau mvua. Magogo mabichi hayachomi mawe." Kijana akaongeza mstari. Tulifurahi sana kwa jambo hili, kwa pande zote mbili.

Kilwa Kivinje tulipita mchana, tukasali Adhuhuri. Mji ule una majumba ya kale yenye milango ya nakshi, mengi yamebomoka, na pana mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji. Vijana wetu husomeshwa vita vile kwa upande wa maji ya Kinjikitile, na ni sawa. Lakini mwanzo wake ulikuwa ni mradi. Serikali ya Kijerumani iliamuru, tangu mwaka 1902, kila kijiji kiwe na shamba la pamoja la pamba, watu walime kwa zamu. Mahali pengine malipo ya mtu kwa kazi ya mwaka mzima yalikuwa senti 35, na baadhi yao walikataa hata kuzipokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, si mbali na Kivinje, watu waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Moto ukaenea kusini yote, na waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, walipindukia watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na wanachuoni waliokuja baadaye wamekisia zaidi sana ya hao. Siku hizi miradi ina neno "wadau", na katika kila semina hulisikia, tena mara nyingine hulisikia hata ukachoka. Kijana alisema neno hilo lina mlango wake katika kitabu chao, kurasa 20 na zaidi. Tulimwambia aupeleke mlango huo Nandete ausomee huko.

Lindi tuliingia jioni. Ni mji mpole, umekaa kwenye ghuba kama mtu aliyekaa barazani, na samaki wake hawana mfano. Vijana wa hapo wana wimbo mmoja tu siku hizi, nao ni gesi. Katika bahari ya kina kirefu gesi nyingi sana iligunduliwa, mahali pa kujengea mtambo wa kuigeuza iwe kimiminika pakatengwa Likong'o, karibu na mji, na mwezi wa Juni 2022 makubaliano ya awali yalitiwa sahihi kati ya serikali na makampuni ya Equinor na Shell. Kijana mmoja tuliyesali naye Magharibi alituambia kwamba wenziwe kadhaa wamekwenda kusomea usimamizi wa miradi kwa ajili ya Likong'o. Tulimhurumia. Elimu isomwayo kwa kungojea kazi moja tu katika mahali pamoja tu ni kama nguo iliyoshonwa kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine.

Asubuhi tukashika njia ya bara, tukasimama Mkwaya, penye hori ya mto Lukuledi. Mgeni hataona kitu. Lakini hapo ndipo ilipoanzia reli ya Nachingwea, katika mpango wa karanga wa Waingereza, nao ndio mradi mkubwa kuliko yote iliyopata kuwekwa katika nchi ya Tanganyika kabla ya uhuru. Twaomba msomaji atuvumilie, maana habari hii ndiyo iliyokata shauri letu.

Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatumwa wataalamu watatu, mkubwa wao John Wakefield, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, mtu msomi na mwenye kuijua nchi. Walitembea wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa kabisa hapa kusini, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kazi ikaanza mwaka 1947. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, mengine yametoka Ufilipino, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya chuma. Huko Kongwa udongo ukakauka ukawa kama sakafu, karanga zisiweze kung'olewa, na mvua haikuwa ile iliyoandikwa. Mwaka wa kwanza ekari 150,000 zilikusudiwa, zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mwisho, na fedha zilizofutwa kuwa hasara zilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Sasa tazama mpangilio wake, kama kijana alivyotuchorea tena mchangani pale Mkwaya. Mitambo ya kusini ilihitaji reli. Reli ilihitaji bandari. Lakini vyote vilianza pamoja, kwa pupa. Reli kutoka Mkwaya ilifika Nachingwea mwaka 1949, na miaka miwili haikutimia mpango ukafa. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilikamilika mwaka 1954, karanga hazipo. Na reli yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, vyuma vikang'olewa vikaenda zake.

Mtama tulimkuta mzee akitungoja kivulini na kahawa. Alimpokea mwanawe kwa kumtazama kuanzia kichwani hata viatuni, kama wazee wafanyavyo, kisha akatuchukua kutuonyesha kiwanda cha korosho. Wasomaji wasidhani kwamba kushindwa ni kwa wageni peke yao. Katika miaka ya 1970 na baada yake taifa letu wenyewe lilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia; mkoani Lindi viliwekwa Lindi mjini, Nachingwea na hapa Mtama. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja, wakaiacha mikorosho yao mbali; bei ikawa duni; na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikakamilika ilhali korosho zimetoweka, vingi vikalala. Mavuno yalirudi baadaye, hata msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000, lakini sehemu kubwa ya korosho hizo zilisafirishwa ghafi, zikabanguliwa India na Vietnam.

Mzee akaupiga ukuta kwa fimbo yake. "Mwanangu, hao waliojenga hiki hawakuwa na shahada?" Kijana akasema, "Walikuwa nazo, baba." "Na yule Mzungu wa karanga?" "Alikuwa nayo." Mzee akatugeukia sisi, akanyamaza.

Huo ndio ulikuwa wakati wetu wa kusema, nasi hatukusema upesi. Tulimwomba mzee afuatane nasi hata Nachingwea, akakubali. Njiani ndani ya gari dogo lililojaa magunia, alisimulia kwamba marehemu baba yake alikuwa kibarua wa kukata msitu ule, na kwamba wazee wa huko walikuwa wakisema wazi ni wapi mvua hukatika mapema na ni wapi udongo hushika maji, ila hawakuulizwa. Kijana akaanza kuandika. Baba mtu alipoona kalamu inakwenda, akasema polepole zaidi.

Nachingwea yenyewe ni mji wenye hewa nzuri. Katika mashamba yaliyoachwa na mpango ule wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji walifanya kambi yao, mahali palipojulikana kwa jina la Farm 17, basi katika hasara ile jirani zetu walipata pa kusimama. Tulikaa chini ya mwembe baada ya Alasiri, na sisi tukatoa rai yetu, ambayo twaiandika hapa kwa kuwa wazazi wengine wanaulizana swali hilo hilo.

Tulimwambia mzee kwamba miradi yasomewa, tumeona. Kujua kazi ipi isiyosubirika, kuandika hesabu kabla ya kutumia, kuweka mkataba kwa maandishi (na msomaji ajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana deni), hiyo ni elimu ya kweli, nayo hupunguza hasara kwa mwenye duka, kwa kamati ya msikiti na kwa serikali. Lakini shahada si hirizi. Wakefield alikuwa nayo. Aliyekosekana ni mtu wa kushuka kwenye ndege akamuuliza baba wa mzee huyu habari za mvua. Kwa hiyo tulisema kijana amalize, kwa sharti kwamba likizo zote zilizobaki azitumie Mtama katika chama cha msingi cha wakulima, akae ghalani, ajue korosho inavyopimwa na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, na aulize mpaka wamchoke. Na shamba lisiuzwe.

"Basi ada itatoka wapi?" mzee akauliza, na swali lake lilikuwa na haki. Tulilizungumza mpaka Magharibi. Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mzee aliikataa zamani kwa sababu ya ile nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo, na wazazi wengi wa Kiislamu waliikataa kwa sababu hiyo hiyo. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hukumu ya mkopo wenyewe tulimwachia aende kwa sheikh wake, maana sisi si mufti. Kiko pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani, ambako mtu husoma huku akifanya kazi, nacho hufundisha usimamizi wa miradi hata katika shahada ya uzamili. Na kwa mzazi ambaye mwanawe bado hajachagua chuo, Mzumbe ya Morogoro hufundisha mipango na usimamizi wa miradi ndani ya shahada ya uchumi. Mzee alihesabu kwa vidole: nusu ya ada kwa korosho za msimu ujao, robo kwa mbuzi, na robo iliyobaki kijana mwenyewe aitafute, kwa mkopo au kwa jasho. Kijana akaomba karatasi, akaigawa hesabu ile kwa miezi, akaandika pembeni kwamba korosho hulipwa kwa kuchelewa, na kwamba ada ya muhula wa kwanza itadaiwa kabla ya mnada. Baba yake aliisoma karatasi mara mbili. "Hili sikuliona," akasema, akaikunja akaitia mfukoni mwa kanzu.

Kijana ameichagua reli ya Mkwaya kwa ile kazi ya mwalimu wake. Mzee alimwambia kwamba wako Mtama wazee wawili walioipanda reli ile wakiwa watoto, na mmoja bado ana kipande cha chuma chake, amekigeuza mlingoti wa banda la kuku. Asubuhi yake akaenda kwao na daftari, nasi tukapanda gari la Lindi.